Mti wa Vitovu

Eulalia hakujua kugombana kwa sauti ya chini. Akianza kutukana, bonde zima la kakao lilisikia, na mwaka ule matusi yote yalimwangukia jirani yake Crisanto, mzee mfuga bata mwenye bwawa dogo ng'ambo ya uzio.

Homa ilikuwa imemwandama Isaura, mtoto pekee aliyembakia Eulalia. Kaka zake wawili walikwishazikwa kwa homa hiyo hiyo, na sasa binti naye alitetemeka kila jua likizama, meno yakigongana, macho ya njano. Mbu hutoka majini, hilo alilijua kila mtu pale Trinidad, na maji ya karibu yalikuwa ya Crisanto.

"We mzee, bata wako wananenepa kwa damu ya mwanangu!"

"Mama Isaura, bata hawanyonyi damu. Kinachoninyonya mimi ni mdomo wako."

Siku Crisanto alipokwenda sokoni, Eulalia alivuka uzio na kulifukia bwawa kwa udongo na maganda ya kakao. Mzee akarudi, akaona bata wamesimama kwenye tope, akaishia kuwauza. Eulalia alifurahi waziwazi. Alipanda juu ya kakao iliyoanikwa, akaicheza kwa miguu ili ing'ae, huku akiimba kwa nguvu ili mzee asikie.

Jioni ile Isaura akatetemeka tena.

Miezi michache nyuma, watu wa afya walikuwa wamepita bondeni na ngazi na ndoano ndefu. Bila kueleza sababu, walishusha mananasi mwitu yanayoota juu ya matawi ya miti mirefu inayoitilia kakao kivuli. Kwa Crisanto walimaliza yote, mzee mwenyewe akiyachungulia ndani moja moja. Kwa Eulalia walisafisha kila mti isipokuwa mmoja, ule mkubwa karibu na mlango. Chini yake alikuwa amezika vitovu vya wanawe, na watu wa bonde lile hawagusi mti wa kitovu. Kuujeruhi ni kumjeruhi mtoto. Eulalia alikuwa amesimama shinani na panga.

"Atakayepanda, atashuka vipande vipande!" aliwaambia. Wakaondoka zao.

Sasa kwinini, dawa ya homa ile, ilikuwa haimkai Isaura tumboni. Hakuweza tena kukaa mwenyewe. Jioni moja Crisanto aliingia uani bila hodi, amebeba ndoano ndefu begani.

"Toka kwangu, mchawi wewe!"

"Nitatoka. Nimekuja kukuonyesha bwawa lako kwanza."

Kabla Eulalia hajalifikia panga, mzee alikwishainasa ndoano juu ya tawi na kuvuta. Nanasi mwitu likaanguka puu. Eulalia akampiga kofi la kusikika barabarani. Crisanto hakurudisha. Aliliinua lile nanasi, akaliinamisha juu ya beseni la kuogea, na maji yaliyokuwa yametuama kati ya majani yakamwagika yote.

"Tazama."

Viluwiluwi vya mbu vilijipinda majini, vingi, vyeusi.

"Wa bwawani bata wangu walikuwa wakiwala," alisema Crisanto. "Hawa wako juu ya mlango wako. Nani atawala, mimi?"

Eulalia alitazama juu. Matawi yalikuwa yamejaa mananasi mwitu, tangu yalikoanzia hadi nchani, na mbu wa jioni walikuwa wameanza kushuka. Vitovu vya wale wawili vilikuwa pale pale chini, na mti huu ndio alioulinda kwa panga.

"Lete hiyo ndoano," alisema.

"Nivute mimi, wewe huna urefu."

"Lete, nimesema! Kitovu ni cha mwanangu. Usiniguse na mti wangu usiuguse."

Alivuta. Maji machafu yalimmwagikia kichwani na kifuani, na kila nanasi lililoanguka alilikanyaga kwa miguu ile ile iliyochezea kakao, akilia kwa sauti kubwa kama alivyozoea kutukana. Bonde zima lilisikia.

Isaura alipona taratibu. Mvua zilipokwisha, Crisanto alikuta bwawa lake limechimbuliwa na bata wawili wamefungwa kwenye uzio. Eulalia alikuwa upande wa pili, mikono kiunoni.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Ulijua, mzee. Ulijua, ukakaa kimya mpaka nilipokuharibia bata."

Crisanto aliinama, akaanza kuwafungua bata.