Msiba Usio na Marehemu

Siku niliyotoa makochi nje ya nyumba yetu pale Utemini, hakuna mtu aliyekuwa amekufa. Nalisema hili mapema ili msomaji asihangaike. Mimi nilihangaika vya kutosha.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa kwenye basi lililopinduka njia ya Manyoni. Mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa amenilalia begani tangu tulipoondoka. Basi lilipotulia ubavu, bado alikuwa amenilalia. Nikamwambia taratibu, "Mama, amka, tushuke." Nilimbembeleza kwa muda mrefu, nikidhani ni usingizi, mpaka mtu mmoja aliyekuja kututoa akaniambia nimwache, ameshakwenda.

Tangu hapo nikashika imani moja ya ajabu. Siku ile sikuwa nimewaza baya lolote, na kifo kilikuwa kimeniegemea. Basi nikawa nawaza mabaya kwa bidii, kama vile kuyawaza ni kuyafungia mlango. Mume wangu akichelewa dukani, nilikwisha kumzika na kuanza kuhesabu eda. Yeye hununua asali Itigi, kwa njia hiyohiyo ya Manyoni, na kuja kuiuza mjini, lakini kwa miezi kadhaa alikaa tu nyumbani kwa sababu kila akibeba mkoba nilikuwa naung'ang'ania. Alinitania: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Utani huo uliniudhi kuliko matusi.

Nesi mmoja alinifundisha kujiuliza swali: umeona, au umewaza? Lilinisaidia kwa mambo madogo. Kwa hiyo tukakubaliana ajaribu safari moja. Nikiweza kutulia mpaka arudi, ataendelea na asali. Nikishindwa, ataiacha kabisa, na sijui tungekula nini.

Alisema angekuwa amerudi adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Simu yake haikupatikana. Upepo wa kwetu ulikuwa unavuma tangu asubuhi, mlango wa uani ukifunguka na kujifunga kana kwamba kuna watu wanapita mmoja mmoja. Ndipo, nikiwa sebuleni na macho nimeyafumba, nikakiona kiatu chake cha kulia kimekaa wima katikati ya lami, kamba zimefungwa vizuri. Nikajiuliza lile swali. Jibu lilikuja kwa sauti tulivu, yangu mwenyewe: umeona.

Kwetu, mtu akifa, kazi ya kwanza ni kutoa viti sebuleni ili wanawake wakija wakae chini. Sikulia. Nilikokota makochi nje, yote mawili, nikatoa meza, nikafagia, nikatandika mikeka. Nikajifunga kanga na kukaa kwenye kona. Nilijiambia najiandaa tu, nisije nikakutwa.

Jirani wa ng'ambo aliona makochi juani. Aliingia bila hodi, kanga kichwani, akakaa ubavuni mwangu na kunishika mkono. Hakuuliza. Mfiwa haulizwi nani kafa. Unakaa naye, habari itakufikia. Nilitaka kumwambia arudi kwake, lakini mdomo ulikuwa mzito. Akaja wa pili, akaja mama mzee wa nyumba ya kona, sufuria zikafuata. Huko nje nikasikia shoka likipasua kuni. Wanaume walikuwa wanawasha moto wa msiba.

"Ni baba wa hapa?" jirani akaninong'oneza hatimaye.

Nikamjibu, "Njia ya Manyoni." Hayo tu.

Neno likatoka kwake likaenda mlangoni. Nililisikia likirudi kwa midomo mingine. "Ni gari." "Amefia palepale." Mimi nilikuwa nimeliwaza neno hilo, palepale, lakini sikulitamka. Sasa watu wazima walikuwa wananiletea habari yangu mwenyewe, tena imekamilika, na mimi nikaiamini. Yule mama mzee akaanza kulia kwa Kinyaturu, akimlaumu mume wangu kwa kuondoka bila kuaga. Nikalia naye. Na niseme ukweli unaonitisha hadi leo: nilipata nafuu. Kile nilichokuwa nakingoja kilikuwa kimefika.

Alasiri kilio cha nje kilikatika ghafla. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda na dumu lake la asali. Simu ilikuwa imeisha chaji na gari limechelewa, hayo tu. Aliyaona makochi, akaona moto.

"Kuna nini hapa?" nikaisikia sauti yake.

Kila mmoja alikuwa anamtazama marehemu.

Akaingia mbio. Wanawake walipiga yowe, mmoja akatoka kwa mlango wa uani na hakurudi. Yeye hakuwatazama. Alitazama katikati ya sebule, mahali anapolazwa maiti, kisha akaanza kupekua nyuso, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwangu. Akapiga magoti mbele yangu. Akanishika mashavu, masikio, shingo.

"Ni wewe? Ni wewe kweli?"

Nilipoeleza, kwa aibu, mama wa kona alifuta machozi na kunikaripia. "Mwanangu, umetufanya tulie bure!" Kisha akacheka, na wengine wakacheka, ila hawakukaa sana. Wali ulikuwa umeiva, wakaula haraka wakaondoka. Naona waliogopa kukaa chumba kimoja na mtu waliyekwisha kumlilia.

Mume wangu alibaki kwenye mkeka.

"Kutoka pale kwenye moto hadi mlangoni nilikuwa nimeshakuzika," akasema. "Nilishaona na sanda." Akanitazama. "Mke wangu, hivi ndivyo unavyokuwa kila nikitoka?"

"Ndiyo."

"Basi siendi tena."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Nilijua sauti ile. Ilikuwa imehama kwangu, imeingia kwake.

"Utakwenda," nikamwambia.

Wiki iliyofuata alisimama na mkoba mlangoni akashindwa kuvuka kizingiti. Nilimshika mkono, nikatembea naye hadi stendi, nikamkatia tiketi. Basi lilipoondoka alitoa kichwa dirishani akinitazama, akinitazama tu, kuhakikisha kwamba bado nimesimama.