Haiya ya Dani

Wiki jana binti yangu aliangalia simu akasema, "Haiya!" Nikaacha sufuria jikoni nikakimbia. Kumbe rafiki yake amebadilisha nywele. Nilikasirika kuliko ilivyostahili, na tangu siku hiyo, rafiki yangu, mawazo yangu yako Kisumu Ndogo, mtaa wa mabanda.

Huko ndiko nilikolelewa na dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo. Aliuza omena, vile visamaki vikavu, pale mlangoni. Hilo neno haiya alilitoa mtaa wa Kawangware, alikokuwa akimfulia nguo mama mmoja mwenye ploti ya kupangisha, na akalitunza kama sahani ya wageni. Mvua ikibomoa choo, alisema "ai" tu. Haiya yake ilikuja na makofi mawili, kisha mkono unafunika mdomo, na kwa kuwa kuta zetu zilikuwa za mabati, majirani wote walitoka kuja kuona kuna nini.

Mimi niliitaka hiyo haiya. Nilikuwa darasa la tano na sijawahi kumshangaza mtu yeyote. Siku ya kufunga shule nikamwambia dani nimekuwa namba moja.

"Haiya!" Makofi mawili. "Majirani, kujeni muone huyu mtoto!"

Wakaja, wakanibeba juu juu. Jirani wa mlango wa pili akaleta chapati moto, nami nikaiweka kando.

Jioni mwalimu wangu akapita kununua omena. Dani akajaza mkebe, akaongeza konzi mbili juu yake.

"Asante mwalimu, kwa hiyo namba moja."

Mwalimu akanitazama. "Namba moja? Mama, huyu alikuwa wa kumi na tisa."

Dani hakunipiga. Alinishika mkono tukapita mlango kwa mlango, kwa kila aliyekuja, nikasema kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya. "Niliwaita bure," akaongeza kila mara, akaomba msamaha kana kwamba aliyekosa ni yeye. Hilo ndilo lililoniliza.

Miaka ikapita. Barua ya kuitwa chuo cha ualimu ilipofika, nilikimbia nayo kutoka mtaa wa jirani wa Laini Saba, nilikoichukua, hadi nyumbani. Nikaisoma kwa sauti, nikangoja makofi. Dani aliendelea kupepeta omena.

"Sawa," akasema. "Osha mikono ule."

Iliniuma sana. "Dani, hata haiya?"

"Haiya ni ya kitu hukutarajia," akasema bila kuinua macho. "Wewe nilikuwa nakungoja tu."

Sasa dani hayupo, na pale palipokuwa na mlango wake pana barabara ya lami. Mwaka huu nilifanywa mwalimu mkuu. Watu wanaonipenda walipiga haiya hadi nikaona aibu, wengine wakishika vichwa, wengine wakiruka. Niliwashukuru mmoja mmoja, kisha nikajifungia ofisini nikalia, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kutoshangaa.