Viumbe Waliokula Mto

Rungu lilinipata kwenye taya nikiwa bado na maneno mdomoni. Nilisikia mfupa ukilia kama kibuyu kikavu kilichokanyagwa, halafu kila kitu kikaenda polepole. Jua liliingia kwa matundu ya misumari kwenye mabati, vumbi likielea ndani yake, na kwenye televisheni wale viumbe wa vichwa virefu wakaendelea kushuka kutoka angani, bila mtu wa kuwasemea.

Mtu wa kuwasemea nilikuwa mimi.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa na kibanda cha video hapo sokoni Masii. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, kwa hivyo nilikaa kando ya televisheni na fimbo yangu, nikieleza kwa Kikamba anachosema kila mmoja. Sasa niseme ukweli: shule niliachia darasa la nne, na Kiingereza sikujua. Nilitazama macho yao na mikono yao, nikawapa maneno niliyokuwa nayo. Hakuna aliyelalamika.

Ile filamu ilikuwa ya viumbe wa nyota nyingine waliokuja kunyonya mito ya dunia kwa mashine kubwa. Niliitazama kama naota, maana mto huo niliujua. Ni ule wa chini ya shamba la mama yangu. Malori ya diwani yalizoa mchanga wake kutwa, na chifu akisimama barabarani kuyafungulia njia. Mchanga ukiisha, maji hayakai. Mama alikuwa akifukua kidogo kwa mkono anapata maji ya kunywa. Mwaka huo alifukua mpaka akagusa mwamba.

Basi kiumbe mkubwa alipofungua mdomo, nikamsemea: "Wananchi, tulieni. Haya ni maendeleo." Na yule mdogo wake mwenye kofia akajibu: "Mkubwa, nimeshawanyamazisha. Yangu iko wapi?"

Kibanda kililipuka kwa kicheko.

"Aka! Si huyo ni chifu!" akasema mama mmoja muuza ndizi. "Hata tumbo ni lake!"

"Mwambie aturudishie mto wetu, kabla hajapaa!"

Siku ya soko iliyofuata wakaomba ileile. Safari hii chifu alikuja mwenyewe, na askari wake. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka zamu ya yule wa kofia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, karibu ya huruma:

"Kijana, nani aliwapelekea wazungu habari zangu?"

Hakuwa anatania. Aliamini kabisa kwamba huko ng'ambo watu walikaa wakamtengenezea filamu.

"Mzee, mimi natafsiri tu," nikasema, nikageukia televisheni nimalizie.

Aliinua kidevu. Askari akaona, na rungu likashuka.

Taya iliunga vibaya. Nikisema, maneno yananimwagikia upande, ndiyo maana naandika. Usingizini bado nakaa na fimbo yangu, na wale viumbe wanarudisha mchanga mtoni, punje kwa punje, na mimi nawasemea vizuri kabisa.

Diwani alinenepa. Askari alihama. Wewe chifu ulistaafu, unakaa benchi la mbele kanisani, na kila Jumapili unanipa mkono na kuniuliza, "Habari, bwana video?"

Mzee, pole yako sitaki. Jumapili hii simama hapo mbele, useme kwa mdomo wako mzima: uliinua kidevu, au hukuinua?