Dole Gumba la Mjomba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa macho ya kusoma mafaili ya watu kwa miaka mingi, kisha akanibakizia mwanga kidogo wa kusomea Kurani uzeeni. Namshukuru kwanza, ndipo nisimulie.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe nililoazima kwa kaka yangu. Nilikuwa kijana wa Kinyamwezi niliyetoka Tabora, nikapangiwa ukarani katika mahakama ya mwanzo hapa Morogoro. Hakimu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinitazama akauliza, "Shati la nani hilo?"

"La kaka yangu, mheshimiwa."

"Mrudishie leo leo. Vumbi la mafaili halitoki kwa sabuni."

Akanikabidhi rejista, daftari kubwa ambamo kila shauri huandikwa siku linapofunguliwa, nami nikaishika kwa miaka kumi na moja. Baadaye niliajiriwa katika ofisi ya wakili mmoja mjini, mwanamke ambaye sote tulimwita Mama Wakili. Huko ndiko nilikojifunza kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu: kuwasaidia watu waliogongwa na malori.

Kazi hiyo haikuwa haba, maana malori yaendayo bara hupita kwetu mchana kutwa. Mama Wakili alinifundisha nianzie na PF3, fomu ambayo polisi humpa majeruhi ili daktari ajaze majeraha yake. Bila hiyo, mtu anaweza kufika mahakamani hana jicho na bado akaulizwa liliharibikia wapi. Kisha nifuatilie ramani ya tukio iliyochorwa na trafiki, na namba ya stika ya bima iliyo kwenye kioo, kabla gari halijavutwa kwenda gereji. "Usihangaike na dereva," alikuwa akisema. "Mtafute tajiri, na nyuma ya tajiri tafuta bima." Tajiri, kwa lugha ya barabarani, ni mwenye gari, hata kama amejaa madeni.

Katika mashauri yote niliyoyashughulikia, ninalopenda vijana mlijue ni la Mwajuma.

Mwajuma alikuwa Mluguru aliyeolewa Dumila, akiuza nyanya na vitunguu kando ya barabara. Semitrela iliyobeba saruji ilikatika breki, ikaacha lami na kupita juu ya meza yake. Mguu wa kushoto ulisagika, madaktari wakaukata chini ya goti. Alikuja ofisini miezi kadhaa baadaye, akitembelea magongo, mumewe nyuma yake amebeba bahasha.

"Nataka mguu wa bandia nirudi kwenye meza yangu," alisema kabla hajakaa vizuri. "Sitaki kulishwa."

PF3 ilikuwamo. Nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki nayo ilikuwamo. Dereva alikuwa amekiri kosa na kutumikia adhabu yake. Lakini kulikuwa na barua ya watu wa bima wakikataa madai, na wameambatisha karatasi ya sulhu. Iliandikwa kwamba familia, kwa idhini ya majeruhi, imesamehe na haitadai chochote, sasa wala baadaye. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba.

Mama Wakili akaigeuza kwenye mwanga. "Dole la nani hili?"

"La mjomba," alijibu mume. "Mimi sikuulizwa. Huko kwao mume ni mgeni wa kudumu."

"Na wewe Mwajuma, ulikuwa wapi likiwekwa?"

"Nilikuwa sijitambui, mama. Nilikuwa nimetoka kukatwa."

Asiye wa huku aelewe. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye msemaji wa wapwa zake katika ndoa, misiba na ugomvi. Watu wa tajiri walilijua hilo. Walimfuata yeye hospitalini, wakampa pole kwa heshima, wakataja jina la Mungu, wakatoa karatasi. Kisheria haki ya mtu mzima mwenye akili timamu haisamehewi na mwingine. Lakini karatasi ilisema idhini ya Mwajuma ilikuwapo, na aliyeweza kuikana karatasi kwa uzito ni yule yule aliyeiwekea dole.

Hapo nikafanya kosa. Nilimwandikia mjomba barua ya kumwita ofisini, nikaigonga muhuri, nikamaliza na maneno "bila kukosa". Hakuja. Alituma salamu tu kwamba yeye haitwi kwa muhuri wa Mnyamwezi.

Mama Wakili aliisoma nakala ya barua yangu, akavua miwani. "Mkuu wa ukoo umemwandikia kama mwizi wa kuku. Panda mlimani kwake mwenyewe. Na hayo mafaili yaache hapa."

Nilichukua bodaboda mpaka barabara ilipokoma, kisha nikapanda kwa miguu kati ya migomba. Nilimkuta akianika pilipili manga kwenye jamvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnyamwezi, leo umepanda bila mzigo kichwani? Babu zako wangekucheka."

"Nimekuja kuubeba wako, mtani."

Alicheka, maana Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara, akanisogezea kigoda. Tukaulizana habari za afya na mvua. Nilipomtaja Mwajuma, kicheko kikaisha.

"Nilisamehe kwa ajili ya Mungu," alisema. "Waliniambia dereva ana watoto. Leo nikigeuka, nitamwambia nini Mungu?"

"Dereva adhabu yake imekwisha, hakuna anayetaka afungwe tena. Lakini mzee, mimi madrasani nilisomeshwa kwamba haki ya mja anaisamehe mja mwenyewe. Ungekatwa wewe ukasamehe, ningekuja kukupa mkono. Mguu huu ulikuwa wa nani?"

Akageuza pilipili kwa viganja, taratibu, upande hata upande.

"Nikisimama mbele za watu niseme sikumuuliza," alisema mwishowe, "kesho nani atanisikiliza kwenye ukoo?"

"Sijui, mzee." Na kweli sikujua.

"Afadhali husemi uongo. Kwa Mnyamwezi ni jambo kubwa hilo."

Nilimtajia siku ya shauri, nikashuka.

Siku hiyo tuliitwa mjomba akiwa hajafika. Mama Wakili alianza kuomba ahirisho, mlango ukafunguliwa, akaingia na kanzu iliyopigwa pasi. Akala kiapo, akaeleza. Wakili wa upande wa pili, kijana hodari, akasimama.

"Mzee, si wewe mkuu wa ukoo? Neno lako halimfungi mpwa wako?"

Mzee alishika ukingo wa kizimba. "Linamfunga kwenye mambo ya ukoo. Mguu si wa ukoo. Sikumuuliza. Wageni walikuja na jina la Mungu, nikaona haya kuwakatalia."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akaikataa karatasi. Shauri liliendelea kwa miezi, tukaitwa na kuahirishwa mara nyingi, lakini Mwajuma alishinda, na mguu wake ukatengenezwa.

Siku ya hukumu dereva naye alikuwapo, kwa kuwa alishtakiwa pamoja na tajiri. Alisimama peke yake barazani, akitazama chini. Mwajuma akamwendea kwa magongo yake, mjomba nyuma yake.

"Kaka," alimwambia, "ule wa mwanzo ulikuwa msamaha wa mjomba. Huu ni wangu. Nimekusamehe."

Yule mwanamume alifunika uso kwa mikono. Mjomba alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, hilo nalo liandike."

Sasa nimestaafu, naishi Mazimbu, na watu bado hunijia na bahasha zao baada ya sala ya alasiri. Huwaambia walio zamu kando ya kitanda cha mgonjwa: pokeeni pole, itikieni dua, lakini karatasi isubiri mpaka mwenyewe aamke na kusomewa. Wale vijana walioingia kazi hii nawaomba wapande milima wenyewe, kabla ya kutuma barua.

Nawe uliyevumilia kunisoma, Mungu akulinde njiani, akuponye pale utakapoumia, na akujaalie watu watakaokuuliza kwanza kabla ya kusema kwa niaba yako. Amina.