Chupa Zilizotoka Kijani

Shangazi yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini kiwandani halijulikani. Wote humwita Kipawa. Meneja alipohamia kwetu alidhani ni sifa, kwamba mama huyu ana kipaji cha ajabu, akampongeza mbele ya watu. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kipawa chenyewe ni upawa mdogo wa bati anaopimia vitu vya kutengenezea kioo: mchanga, magadi, chokaa na, kwa chupa za kahawia, unga wa makaa. Kwa miaka ishirini na sita alipima kwa mkono ule ule na hakuwahi kukosea. Ndivyo alivyokuwa akisema, nasi tulimwamini.

Mimi ni mtoto wa kaka yake, na kazi yangu ni kuangalia tanuri. Kazi hiyo yeye ndiye aliyenitafutia, kwa hiyo haya ninayoyasimulia yananiuma.

Siku moja tulikuwa na oda ya chupa za dawa, zile zisizo na rangi. Za kwanza zikatoka kijani chenye ubuluu. Meneja aliinua moja dirishani, akaitazama, akaiweka chini polepole. Akasema Kipawa amezeeka, ametia makaa kwenye mchanganyiko usiotaka makaa, na jioni hiyo akabidhi kazi aende akapumzike.

Shangazi hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba kila mchanga una chuma kidogo, upende usipende. Chuma kikiwa na oksijeni ya kutosha hutulia, kikaacha unjano hafifu ambao jicho halishtukii. Ila ukitia kitu kinachoungua, kitu hicho hukipora chuma oksijeni yake, na hapo kioo kinageuka buluu na kijani. Makaa hufanya hivyo, lakini si makaa peke yake. Mafuta hufanya hivyo, hata karatasi, hata sukari.

"Kabla hujanifukuza," alimwambia meneja, "twende tukaangalie vipande."

Vipande ni chupa zilizovunjika tunazoyeyusha upya pamoja na mchanga. Niliposikia neno hilo nikakumbuka kosa langu. Juzi yake maji yalikuwa yamekatika, na chupa zilizoletwa zilikuwa za sharubati, zinanata kila upande. Akina mama wanaoosha walikuja kuniuliza wafanyeje. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikawaambia moto wa tanuri utaosha vizuri kuliko wao. Wakacheka, nami nikajiona mcheshi kweli kweli.

Shangazi aliokota kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi. "Sukari," akasema. Hakuuliza ni nani aliyeruhusu. Alitaka vyungu viwili vidogo vya majaribio. Kimoja akakitia mchanganyiko uliobaki kwenye pipa lake pamoja na vipande vichafu. Cha pili akakitia mchanganyiko ule ule, na vipande alivyoviosha mwenyewe kwa maji yake ya kunywa. Kioo cha chungu cha pili kikitoka bila rangi, mkono wake hauna kosa. Kikitoka kijani, basi makaa yamo, naye ataondoka bila kusukumwa.

Nilivitia tanurini saa tatu asubuhi. Kutoka hapo hadi saa tisa sijui nilifanya kazi gani nyingine. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakula. Meneja alipita kila baada ya muda kutazama saa yake. Mara tatu nilijiambia nitasema, na mara tatu nikajifanya nachungulia moto. Nilijichukia.

Saa tisa nilivitoa kwa koleo, nikamimina vyote viwili juu ya bamba la chuma, kila kimoja upande wake. Kioo cha moto hakina rangi yake, kinawaka rangi ya moto tu, hivyo ilibidi tusubiri kipoe. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kuficha.

"Shangazi, ni mimi niliyewaambia wasioshe."

Meneja alinitolea maneno ambayo sitayaandika. Alipomaliza akasema basi, jambo limekwisha. Mimi nitaandikiwa barua ya onyo, na mama arudi kwenye kazi yake. Alikwishageuka kuondoka.

"Umefanya vizuri kusema, mwanangu," shangazi akaniambia. "Lakini tungoje vipoe."

Nikamwambia hakuna haja, meneja ameshaamua.

"Haja ipo. Wewe umeshalijua la kwako. Mimi la kwangu bado."

Tukangoja. Meneja naye akarudi, akasimama kando yetu. Wekundu ulififia taratibu, ukianzia pembeni. Kioo cha kwanza kikaonyesha kijani, kama tulivyotazamia. Cha pili shangazi alikishika kwa kitambaa kikiwa bado na joto, akakipeleka dirishani mwenyewe. Kijani chake kilikuwa hafifu kuliko cha kwanza, lakini kilikuwa kijani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake.

Nilianza kubwabwaja. Labda vipande havikutakata, labda chungu kilikuwa na uchafu. Alinizuia.

"Niliviosha mwenyewe. Makaa yamo."

Nilitamani meneja aseme kitu, hata kibaya. Shangazi aliutazama mkono wake wa kulia, kiganja na nyuma yake, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akamuuliza meneja kazi amkabidhi nani.