Msimamizi Aliyeingia Nyumba ya Nyuma

Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa msimamizi wa mradi. Nyumba moja kuukuu ya ghorofa mbili hapa Mji wa Kale ilikuwa ikarabatiwe, iwe zahanati ya kina mama na watoto wachanga. Kabla ya hapo nilikuwa karani katika ofisi moja Makadara, na nilidhani msimamizi ni mtu wa kusimama kivulini akiwafokea mafundi.

Aliyekuja alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa bara, Mkristo, mwenye Kiswahili cha taratibu. Siku ya kwanza hakufungua ramani.

"Dada, wewe ndiye mwenyeji," aliniambia. "Nipeleke nikawaamkie majirani."

Tukazunguka asubuhi nzima. Kila mlango alipiga hodi, akavua viatu, akaeleza lini kutakuwa na vumbi, lini kichochoro kitafungwa, maji yatakatika kwa muda gani. Akiulizwa asilolijua, alisema, "Hilo silijui, nitakuletea jawabu." Na alileta. Mtaani kwetu ahadi tumezizoea. Kuletewa jawabu ndiko kulikotushangaza.

Zilibaki nyumba nne za upande wa nyuma. Hizo alinikabidhi mimi, niandike katika kila nyumba anakaa nani, na kuta na dari zikoje. Tatu nilikwenda. Ya nne ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyewahi kugombana na mamangu kwa sababu ya mfereji wa maji ya mvua, na tangu utotoni nilikuwa nikipita mlangoni pake mbio mbio. Nikajiambia nitakwenda kesho. Kesho ikawa wiki. Msimamizi alipoitaka orodha, nikaandika kwamba zote nne nimezifikia, na kwamba ya mwisho haina tatizo.

Mafundi wakaanza kubandua plasta ya zamani ya ukuta wa nyuma. Siku ya tatu, mwendo wa saa nne asubuhi, tukasikia ukelele upande wa pili. Pande la chokaa, kubwa kama sinia, lilikuwa limeanguka juu ya kitanda cha yule bibi. Mwenyewe, alhamdulillahi, alikuwa jikoni akichemsha chai.

"Simamisheni," msimamizi alisema, na nyundo zikanyamaza.

Mkandarasi akamfuata hadi mlangoni. Hiyo ni plasta tu, alisema. Watu wake wametoka Majengo tangu alfajiri, hawezi kuwaweka wakae bure.

"Hawatakaa bure. Wachekeche chokaa, wapange mawe. Lakini ukuta huu hauguswi, na atakayeulizwa ni mimi."

Bibi tulimkuta mlangoni, leso imemteremka mabegani.

"Shikamoo, mama," msimamizi alisema.

"Hiyo shikamoo ilikuwa wapi siku zote hizi? Mwabomoa ukuta wa watu bila hata hodi?"

Nilingoja msimamizi anigeukie. Hakunigeukia.

"Kosa ni langu, mama. Kazi hii ni yangu, na sikufika kwako. Niruhusu niingie nione."

Sisi wengine tulitazama kitandani. Yeye alitazama juu, pale pande lilipobanduka. Akaomba kiti, akapanda, akapapasa ncha za boriti za dari, akaomba ramani. Ramani yetu ilionyesha kila nyumba ina ukuta wake. Kumbe ukuta ulikuwa mmoja tu, na boriti za bibi zilikuwa zimeulalia huohuo wetu, ambao wiki ya pili yake ungebomolewa nusu ya juu ili ujengwe upya. Tungeubomoa, na dari ya bibi ingeshuka yote.

Nilitoka nje nikakaa kwenye baraza. Msimamizi aliponifuata nilimwambia ukweli: sikuingia nyumba ile hata siku moja. Nilitarajia anifukuze, na ningeondoka bila neno.

Alikaa kando yangu. "Umeniudhi sana," alisema, bila kupaza sauti. "Lakini na mimi nimekosea. Karatasi iliniambia umekwenda, nikaridhika na karatasi. Sikukuuliza uliona nini mle ndani." Kisha akaongeza, "Mbele ya kamati ya mradi nitajibu mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kumwambia mama yule ukweli ni kazi yako."

Nilirudi kwa bibi peke yangu. Nikamweleza yote, pamoja na khofu yangu ya tangu utotoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mamako hajambo?" akauliza.

"Hajambo, bibi."

"Ana ulimi mkali yule." Akanimiminia chai. "Na mimi nnao."

Kwenye kikao cha kamati, mmoja wa wajumbe alitaka jina la aliyeandika taarifa ile ya nyumba za nyuma. Msimamizi alisimama. "Taarifa ilipita mikononi mwangu nikaitia sahihi. Andikeni langu." Kisha akawaeleza palepale la kufanya: kwanza nguzo zisimamishwe chini ya dari ya bibi, halafu ukuta utengenezwe kipande kwa kipande, bila kubomolewa. Kazi itachelewa wiki saba, alisema, na hakupunguza hata siku moja ili kuwafurahisha. Waliguna, wakakubali. Wiki saba zikawa nane, na hiyo ya nane pia aliieleza mapema, kabla haijaulizwa.

Tangu siku ile, kila niliporudi kutoka mahali aliponituma, aliniuliza, "Umeona nini?" Mwanzo nilidhani haniamini tena. Baadaye nikagundua anawauliza vivyo hivyo mkandarasi, fundi wa umeme na mtu wa mabomba, na kwamba wote walikuwa wameanza kutazama vizuri zaidi.

Siku ya ufunguzi wageni walijaa, hotuba zikawa ndefu. Kiti chake cha mbele kilikuwa kitupu, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta uani na mlinzi mpya wa zahanati, wamechuchumaa, akimwonyesha koki ipi hufunga maji ya ghorofa ya juu na ipi ya chini.

"Sasa nionyeshe wewe," alikuwa akimwambia.