Mkalimani wa Kilio

Mkalimani akisema maneno mengi kuliko mhubiri, mimi huanza kumtazama kwa jicho baya. Ugonjwa huo niliupata Kamina, miaka ya vita, treni zilipoacha kuja.

Kwetu mhubiri mgeni husimama bega kwa bega na mkalimani wake. Anatoa sentensi, ananyamaza, mwenzake anaigeuza Kiluba. Akiinua mkono, mwenzake naye anauinua. Amina inaitikiwa mara mbili, kwanza na wenye Kifaransa, halafu na wenye Kiluba. Mgeni hana njia ya kujua ni nini kilichofika upande wa pili. Akisikia Amina anaridhika.

Mume wa dada yangu, karani wa stesheni, alikufa kwa homa wakati dawa zilikuwa hazipatikani. Jamaa zake wakaja kutoka upande wa Malemba-Nkulu, pamoja na mama yake mzazi, bikizee asiyejua Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Siku ya kuondoa kilio ndiyo siku ukoo unaamua mjane atakaa wapi, na mama mkwe ndiye mwenye neno la mwisho. Mdogo wa marehemu hakungoja. Alikuwa ameshatundika makoti yake chumbani kwa dada yangu, eti mjane na nyumba ni vyake. Dada yangu alitaka kitu kimoja: kurudi kwa mama yetu, ng'ambo ya reli, pamoja na watoto wake.

Mhubiri alikuwa mchungaji wa askari wa Baze, ile kambi ya jeshi, mtu wa magharibi ya nchi, Kifaransa na Lingala basi. Na nani alisimama kumtafsiria? Shemeji yuleyule wa makoti, amevaa tai.

"Mama, huyu njo atatafsiri? Iko na shauri yake ndani," nilimnong'oneza mama.

"Nyamaza, batasikia."

Mchungaji alihubiri habari ya wajane wawili na mama mkwe wao aliyefiwa na wanawe. Alisema wazi, kwa Kifaransa, kwamba mama mkwe yule aliwabariki na kuwaambia warudi, kila mmoja kwa mama yake. Shemeji akakohoa. Kwa Kiluba ikawa hivi: mjane mwema hamwachi mama mkwe wake, na anaolewa na mwanamume wa ukoo anayeonyeshwa. Hakutunga uongo mtupu, ndiyo maana ilinichoma. Alichukua mwisho wa habari akauweka mahali pa mwanzo, na mwanzo akaumeza. Bikizee akaitikia Amina kwa sauti kubwa, na mchungaji wa watu akatabasamu.

Nilikasirika. Baada ya maombi, wakati bukari, ugali wetu, na samaki wa Kinkondja vinapakuliwa, nilichukua Biblia ya Kiluba ya mama, nikapiga magoti mbele ya bikizee, nikamsomea pale palipomezwa. Alisikiliza. Akaniambia nirudie. Kisha akamwita mwanawe.

"Haya ni maneno ya mama mkwe," alimwambia kwa Kiluba. "Yalikuwa yangu kuyasema. Mbona uliyaficha?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Nilifurahi, sitaki kudanganya, nilifurahi sana. Bikizee akamwita dada yangu, akamwekea mikono kichwani, akamwambia arudi kwa mama yake kwa amani. Mama yetu alikuwa tayari anafunga vitenge vya dada katika furushi.

Ndipo bikizee akanigeukia. "Wale wajane, walikuwa na watoto?"

Nilijua jibu, lakini nilifungua tena kurasa, nikitafuta nisichotumaini kukipata.

"Hapana, mama. Hawakuwa nao."

"Basi naye aende kama wao, mikono mitupu. Watoto ni wa ukoo."

Shemeji akainua kichwa. Hata leo sijui kama wazo lile lilikuwa la bikizee mwenyewe, au mtu alikuwa amelipanda mapema kichwani mwake ili kunitega. Nilibisha. Nilisema kitabu hakiamuru hivyo, kinasimulia tu habari ya wanawake wale. Alinijibu bila hasira yoyote: "Si wewe uliyenisomea?" Na mchungaji, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikuwa anatubariki kwa mkono huku anatafuna.

Dada yangu alilichukua furushi mikononi mwa mama, akalirudisha ndani. Alipotoka alikuwa amembeba mtoto wake wa mwisho. Akaketi mkekani, karibu na miguu ya bikizee.

"Minyi nabakia," alisema. "Na weye, mudogo yangu, ile Biblia urudishie mama. Usitusomee tena."